UZI: Wana Tanga mnaokwenda kupimwa tumbo na utumbo kwa kamera, pangeni safari kabla ya dawa

BintiChumbageni

Assalamu alaykum, habari zenu wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya ndugu zangu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe na Lushoto walioandikiwa endoskopi au kolonoskopi na kupewa tarehe Dar es Salaam au Moshi. Nilimsindikiza mama yangu mzazi, nikamsindikiza na mjomba baada yake, na sasa nikipita sokoni kila mtu ana swali. Bora niandike mahali pamoja tusomeshane.

Endoskopi ya juu ndiyo hii watu wanaita kumezeshwa mpira. Mpira mwembamba wenye taa na kamera unapita mdomoni, unashuka kwenye umio hadi tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba. Huchukua dakika 5 hadi 15. Kolonoskopi inaingia kwa njia ya haja kubwa na kuangalia utumbo mpana wote, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 1.5. Hiyo ni dakika 20 mpaka saa nzima, kutegemea watakachokuta humo.

Watu wanaogopa kipimo, lakini kipimo ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye kusafisha utumbo. Choo kikibaki kidogo tu ukutani, daktari haoni kilicho chini yake, na kivimbe kidogo kinaweza kupitwa. Utaambiwa urudi siku nyingine. Anayekaa Upanga akiambiwa arudi anapanda daladala tu. Sisi kurudi ni nauli upya, malazi upya, ruhusa ya kazini upya, na mgonjwa kushinda njaa upya. Ndiyo maana nasema maandalizi ya mtu wa Tanga yaanze na safari.

Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita kama 350, basi linakwenda saa tano au sita, na foleni za kuingia mjini hazijahesabiwa. Moshi nako ni mbali vilevile. Kuna watu wanakunywa dawa ya kusafisha nyumbani Makorora au Mabawa usiku, alfajiri wapo Kange wanapanda basi. Jamani, msifanye hivyo. Dawa hii ikishaanza kazi haisubiri dereva afike Segera. Mtu mzima anaweza kudhalilika mbele ya abiria, au akaacha kunywa nusu iliyobaki kwa hofu ya njiani, na kipimo kikaharibika.

Fikeni siku mbili kabla. Siku ya kufika mgonjwa anakula chakula laini. Siku ya pili ni vinywaji tu na dawa. Siku ya tatu kipimo, na usiku ule mnalala hukohuko. Mkikaa kwa ndugu, mwambieni mapema kwamba choo kitahitajika usiku kucha, asije akashangaa. Mkikaa gesti, chukueni chumba chenye choo ndani, kiwe choo cha kukaa kama mgonjwa ana magoti mabaya. Ulizeni maji kabla ya kulipa, na hata mkiambiwa yapo, jazeni ndoo mbili mchana. Mama yangu alikwenda chooni mpaka mimi nikaacha kuhesabu, na maji ya bomba yalikatika saa tano usiku.

Chukueni na mafuta ya mgando. Sisi tunajisafisha kwa maji, na hilo ni jema kwa sababu karatasi inachubua. Jikausheni taratibu kwa kitambaa laini, pakeni mafuta kabla hata ya kuanza kuharisha na baada ya kila safari ya chooni. Kidogo hiki kinaokoa sana.

MwalimuMuheza

Waalaykum salaam dada. Uzi umenifaa. Mzee wangu kaandikiwa kolonoskopi, na karatasi inasema tu "chakula laini siku tatu". Kwetu chakula laini ni uji na maharage yaliyoiva vizuri. Fafanua.

BintiChumbageni

Hapo ndipo watu wengi wa pwani wanapoteleza, mwalimu. Laini kwa daktari ni kile kisichoacha makapi utumboni. Maharage hata yakiiva vipi yana maganda. Kunde, choroko na mbaazi viache. Mahamri mzee anaweza kula, mbaazi za kuteremshia ndizo zisiwepo. Aache mchicha, kisamvu, matembele na bamia. Nazi ya kukuna, karanga, korosho, ufuta, mahindi ya kuchoma, ugali wa dona, vyote kando. Matunda yenye mbegu ndogo kama mapera, pasheni na tikiti ni mabaya zaidi, maana mbegu huziba kitundu cha mpira wanachonyonyea maji. Na najua mko Muheza, lakini machungwa nayo yasubiri, zile nyama zake ni nyuzi tupu.

Ale wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe au mkate wa ajemi, mayai, samaki asiye na miba, kuku aliyetolewa ngozi, viazi mviringo vilivyomenywa. Siku tatu zinapita.

Siku ya mwisho hakuna chakula kabisa. Ni vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, supu ya kuku au samaki iliyochujwa vizuri, soda nyeupe, juisi ya tufaha iliyochujwa. Maji ya dafu yanafaa bila nyama yake, na Mungu katujalia madafu. Maziwa hapana, uji hapana, juisi ya embe hapana. Chochote chekundu au cha zambarau hapana, hasa choya, kwa sababu rangi ile ikibaki ukutani mwa utumbo inafanana na damu.

MdigoWaMkinga

Bada je? Bibi yangu bila bada hajala.

NesiRaskazone

Muhogo una nyuzi, mwambie bibi avumilie siku hizo. Na hapo kwenye dafu naongeza neno: mwenye ugonjwa wa figo asinywe dafu kwa wingi bila kumuuliza daktari wake, lina potasiamu nyingi. Huyohuyo mwenye figo aseme mapema hospitalini, kwa kuwa zipo dawa za kusafisha utumbo zisizomfaa kabisa, na atapangiwa nyingine.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi chumba cha endoskopi, hivyo dada BintiChumbageni akiniruhusu nitasaidia upande wa dawa.

BintiChumbageni

Karibu sana dada nesi, uzi ni wako.

NesiRaskazone

Ahsante. Naanza na dawa anazotumia mgonjwa kila siku, kwani wengi hawasemi mpaka wapo kitandani.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma viachwe wiki moja kabla ya kolonoskopi. Vinafanya choo kuwa cheusi na kunata, na hata dawa nzuri haikiondoi vizuri.

Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini na klopidogreli: daktari lazima ajue. Wengine huambiwa waache siku kadhaa kabla, wengine huambiwa waendelee, inategemea kwa nini wanazitumia na kama kuna nyama itakatwa. Mgonjwa asijiamulie kuacha, maana mwenye valvu ya bandia ya moyo au aliyewahi kupata kiharusi anaweza kupata madhara makubwa kuliko ugonjwa anaokwenda kupimwa.

Dawa za presha kwa kawaida mnameza asubuhi ile kwa funda la maji, labda daktari awe amesema vingine. Tunaahirisha vipimo vya watu wengi kwa sababu wamefika presha iko juu, ukiuliza wanasema waliambiwa wasile kitu.

Mwalimu, mzee ana kisukari?

MwalimuMuheza

Anacho, dada. Anatumia vidonge, na jioni anachoma insulini. Ndiyo hofu yangu kubwa.

NesiRaskazone

Basi kabla hamjakata tiketi, rudini kliniki yake ya kisukari na ile karatasi ya tarehe. Waambieni siku fulani hatakula, asubuhi fulani hatakunywa. Watapunguza insulini na kuwaeleza vidonge gani aruke. Msipunguze kwa kukisia. Ombeni pia awekwe wa kwanza asubuhi, wenye kisukari hupewa nafasi hiyo mkisema.

Siku ya vinywaji, asinywe vya bila sukari peke yake. Sukari yake inaweza kushuka. Beba kile kimashine cha kupimia kidoleni. Ukiona kijasho chembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla au anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mpe chai ya rangi yenye sukari ya kutosha au soda nyeupe ya kawaida. Vyote viwili vinaruhusiwa siku ile, havitaharibu kipimo. Ikitokea alfajiri baada ya muda wa kuacha kunywa, mpe vilevile, kisha waambie wauguzi mkifika. Kipimo kinaahirishika, mzee hatuna mwingine.

KijanaWaAmboni

Shikamooni wakubwa. Mimi nimeandikiwa ya juu, kichomi cha tumbo miaka yote. Mtaani wananiambia vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili, ninywe mwarobaini na maji ya kabichi yatapona. Kuna haja kweli ya kumeza mpira? Ultrasaundi haitoshi?

NesiRaskazone

Marahaba mdogo wangu. Ultrasaundi inaona ini, nyongo, figo, kongosho. Tumbo na utumbo vina hewa ndani, na hewa inazuia picha, kwa hiyo kidonda kwenye ukuta wa tumbo hakionekani. Kamera inakiona, na hapohapo daktari anachukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi.

Vidonda vingi vinatokana na bakteria anayeitwa Helikobakta pailori, na vingine na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ambazo watu wananunua dukani kama pipi. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliothibitisha habari ya bakteria huyo. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 akaumwa tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Pilipili inaweza kukuunguza mwenye kidonda tayari, lakini ukimwacha bakteria humo, kabichi haitamfukuza.

Sasa sikiliza hili. Kama unameza omeprazole, muulize daktari kama uiache wiki 2 kabla. Antibayotiki nazo ziwe zimepita wiki 4. Dawa hizo zinamlaza bakteria, kipimo kinasema hayupo, unarudi Amboni na ugonjwa wako. Mwarobaini na mizizi mingine iache, na umwambie daktari ulichokuwa unakunywa, hatakugombeza.

KijanaWaAmboni

Nimekuelewa dada. Na kutapika je? Mimi hata mswaki ukifika nyuma ya ulimi natapika.

MamaWaSahare

Mwanangu, mimi nilimeza bila sindano ya usingizi, nitakueleza ilivyo.

Usile kuanzia usiku, angalau kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo tumbo liwe tupu. Maji kidogo wengine wanaruhusu mpaka saa mbili kabla, fuata ulivyoambiwa. Ukifika wanakutoa meno ya bandia kama unayo. Wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, chungu, halafu koo linakufa ganzi unahisi kama huwezi kumeza mate. Unaweza, ni ganzi tu. Unalala ubavu wa kushoto, wanakuwekea kidude cha plastiki katikati ya meno usije ukauma mpira.

Kuna muda mmoja mgumu: pale mpira unapovuka koo. Wanakuambia meza, unameza, unashtuka mara mbili tatu, umepita. Baada ya hapo pumua kwa pua, taratibu, ndefu. Mpira uko njia ya chakula, njia ya hewa iko wazi, huwezi kukosa pumzi. Mate usiyameze, yaache yatiririke nje, wameweka kitambaa, hakuna anayekucheka. Macho nilifumba, nikawa nasoma dua moyoni. Ukihesabu pumzi pia inasaidia. Utabeua sana kwa sababu ya hewa wanayoingiza, nayo ni kawaida.

Ukimaliza usikimbilie chai. Subiri ganzi iishe, inaweza kufika saa nzima, kisha jaribu funda la maji. Likipita vizuri bila kupaliwa ndiyo ule.

KijanaWaAmboni

Ahsante mama, umenipa moyo. Sindano ya usingizi ningeomba?

NesiRaskazone

Unaweza kuomba, ni haki yako kuuliza. Kuna vituo vinatoa kwa kila mtu, vingine ganzi tu. Ukichomwa, lazima uwe na mtu mzima wa kukurudisha. Siku nzima inayofuata, saa 24, usiendeshe bodaboda wala gari, usitie sahihi mkataba wowote. Utajiona mzima kumbe akili bado haijarudi sawasawa. Mwenye bodaboda analisahau hili kuliko wote.

MzeeWaPongwe

Wajukuu zangu, nimesoma uzi wote. Mimi nimevuka miaka 60, na nataka kuwasemea wanaume wenzangu, maana humu wamekaa kimya na najua sababu.

Nilitoka damu chooni muda mrefu. Niliona ni bawasiri, nikanunua dawa za kila aina, za dukani na za majani. Mke wangu akasisitiza niende hospitali, nikaandikiwa kolonoskopi. Niliposikia mpira unaingia wapi, nilikaa na ile karatasi ndani ya kabati. Niliona heshima yangu inakwenda. Baraza ninayokaa hakuna mwanaume aliyewahi kusema amefanyiwa, kumbe wawili walishafanya wakaficha.

Nilivyofanyiwa ni hivi. Nilipewa kanzu ya hospitali inayofunguka nyuma, nikalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, na shuka juu yangu. Palipobaki wazi ni pale tu panapohitajika. Waliokuwemo chumbani hawazidi wanne, na macho yao yako kwenye kioo cha televisheni. Daktari kwanza alipima kwa kidole chenye mafuta, kisha mpira. Nilichomwa sindano ya kupunguza maumivu, nikawa nasinzia na kuamka. Nilihisi tumbo kujaa na kutaka kwenda haja, na pale kwenye kona za utumbo ilivuta. Nesi akanikandamiza tumbo kwa mkono, akaniambia mzee vuta pumzi, ikapita.

Walikuta vinyama viwili. Wakavikata hapohapo, wala sikuhisi, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo haina maumivu ya kukatwa. Daktari akanieleza vinyama vile huchukua miaka, pengine 10 na zaidi, mpaka kimoja kigeuke saratani, na kikitolewa mapema njia ile imefungwa. Vipande vilipelekwa maabara, majibu yalitoka baada ya wiki mbili, salama.

Wanaume wenzangu wa Tanga, damu kwenye choo isikaliwe. Choo kilichobadilika wiki nyingi, kupungua uzito bila sababu, kuishiwa damu bila kujua inakokwenda, chakula kukwama kinaposhuka, choo cheusi kama lami, hayo yapelekeni kwa daktari. Heshima yangu ninayo, na baraza nakaa vilevile.

MwanaNgamiani21

Shikamoo mzee wangu. Maneno haya nimeyapeleka kwa baba sasa hivi, naye ni mwenye bawasiri ya miaka mingi ambayo hakuna daktari aliyeiona.

BintiChumbageni

Marahaba kwa niaba ya mzee, na mzee shikamoo. Mungu akuzidishie afya. Dada nesi, watoto wa mtu aliyekutwa na saratani ya utumbo nao wapimwe lini?

NesiRaskazone

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyekutwa na saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao yule ndugu alipogundulika, kutegemea upi unatangulia. Kama mama aligundulika akiwa na miaka 45, mtoto aanze akiwa na miaka 35. Kwa Marekani hata wasio na ndugu mgonjwa wanashauriwa kuanza miaka 45, tangu mwaka 2021. Kwetu bado wengi tunafika dalili zikiwa zimekomaa.

UmmuSalma_Pangani

Assalamu alaykum. Nina maswali ya kike na ya dini. Moja, tarehe yangu imeangukia Ramadhani. Mbili, je, nikiwa kwenye siku zangu? Tatu, naweza kuomba mwanamke anihudumie?

NesiRaskazone

Waalaykum salaam ummu. La pili: hedhi haizuii kolonoskopi. Vaa pedi, mwambie nesi, inatosha. Kama unahisi una mimba, hilo ndilo ulitaje kabla ya yote. La tatu: omba siku ya kupewa tarehe, usingoje siku yenyewe. Daktari mwanamke hawezi kupatikana kila mahali, lakini nesi wa kike kuwa kando yako na kufunikwa vizuri ni jambo linalowezekana. Mtandio kichwani hauzuii kitu kwa ya chini.

Halafu nyongeza kwenu wanawake wa pwani: piko nyeusi na rangi za kucha zinaweza kukisumbua kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Kama umetoka harusini, acha kidole kimoja kitupu.

La dini namwachia anayelijua.

MwalimuMuheza

Kwa ninavyofundishwa na masheikh wetu, ummu, kwanza muulize daktari kama kinasubirika. Kikisubirika, omba tarehe baada ya Idi. Kisiposubirika, Qur'ani 2:184 imempa ruhusa mgonjwa na msafiri kutimiza hesabu katika siku nyingine, nawe kutoka Pangani kwenda Dar unakuwa vyote viwili. Dawa ya kusafisha utumbo inanywewa kwa lita na mchana wake lazima unywe maji, kwa hiyo usijaribu kufunga nayo, utaishiwa maji mwilini. Zungumza na sheikh wako moyo utulie.

UmmuSalma_Pangani

Allah awalipe kheri. Hiyo dawa yenyewe inanywewaje? Watu wanatisha.

BintiChumbageni

Aina ziko nyingi, fuata pakiti uliyopewa. Ya mama ilikuwa ya unga, unachanganya na maji inakuwa lita kadhaa. Ladha yake ni chumvichumvi na inateleza. Tuliiweka kwenye friji, ikawa rahisi zaidi. Anakunywa glasi moja kila baada ya dakika 10 hadi 15, anatumia mrija kupitisha nyuma ya ulimi, kisha ananyonya kipande cha ndimu. Mjomba yeye alitafuna tangawizi akatema makapi.

Nusu ya kwanza jioni, nusu ya pili alfajiri. Hii nusu ya alfajiri watu wanaichukia, nao wanainywa yote usiku ili walale. Msifanye hivyo. Usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kushusha majimaji ya nyongo yanayofunika upande wa kulia wa utumbo mpana, hivyo dozi ya alfajiri ndiyo inayousafisha upande ule. Kama kipimo ni saa 4 asubuhi, anzeni saa 11 alfajiri, iwe imekwisha saa 1. Kuanzia saa 2 kusiingie hata maji.

Mtajuaje pametakata? Kinachotoka kiwe maji ya manjano unayoona chini yake, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia au kina vipande, waambieni wauguzi mapema asubuhi, wanaweza kuongeza dawa au kumsafisha kwa maji.

KijanaWaAmboni

Na madhara? Nimesikia utumbo hutoboka.

NesiRaskazone

Hutokea, na utasainishwa fomu ya ridhaa inayosema hivyo. Ni nadra: kwa kolonoskopi ni kama mtu 1 katika 1,000 au pungufu, ikiongezeka kidogo pale vinyama vikubwa vinapokatwa. Kwa ya juu ni nadra zaidi.

Baada ya kipimo tumbo kujaa gesi ni kawaida, tembea, jamba bila aibu, damu kidogo siku ya kwanza kama umekatwa nyama si ajabu. Kisicho cha kawaida ni maumivu makali yasiyoachia, tumbo kuwa gumu kama ubao, homa, kutapika damu, choo cheusi au damu nyingi inayorudia, kifua kubana. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kutopanda basi la jioni kurudi Tanga: ukishikwa katikati ya Msata na Segera usiku, msaada uko mbali. Na hata ukisharudi nyumbani, aliyekatwa vinyama anaweza kutoka damu mpaka wiki mbili baadaye. Wekeni ile ripoti karibu, muende nayo hospitali iliyo jirani, daktari wa zamu ajue alichofanyiwa.

MwanaNgamiani21

Kuhusu bima, watu wafuatilie mapema. Shangazi yangu alifika kituoni akaambiwa barua ya rufaa haina muhuri, ikabidi mtu atumwe Tanga kuifuata. Angalieni barua ina jina sawa na la kadi, muhuri, na kipimo kimetajwa. Ulizeni kabisa kama uchunguzi wa kipande cha nyama uko ndani ya malipo au unalipiwa peke yake, maana huko ndiko fedha huwa haitoshi.

MwalimuMuheza

Wakuu, nimetoka kliniki ya kisukari na mzee. Wamempunguzia insulini ya usiku ule, asubuhi asichome mpaka ale. Wamemwandikia kwenye kadi. Hospitali nimepiga simu, wamemweka wa kwanza. Tunaondoka Jumanne, kipimo Alhamisi. Swali la mwisho: akitapika dawa?

NesiRaskazone

Umefanya vizuri sana mwalimu. Akitapika, simamisha nusu saa, apumzike akiwa ameketi, kisha aendelee polepole zaidi, glasi kila dakika 20. Akitapika mara moja baada ya kunywa nyingi si tatizo. Akirudia kutapika kila anachokunywa, au akilegea na kizunguzungu, msilazimishe. Pigeni simu ya wodi iliyo kwenye karatasi yenu au mpelekeni dharura, kwa sababu yeye ana kisukari na hatutaki akaushwe maji.

BintiChumbageni

Mwalimu, nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu gesti tuliyokaa na mama. Ina choo cha kukaa, na mwenye nyumba akielezwa anaweka friji wazi kwa mgonjwa. Mwambie ni wa Tanga, atakuelewa. Chumba cha chini, mzee asipande ngazi usiku.

MwalimuMuheza

Nimeupata dada. Nimeshampigia, chumba cha chini kipo.